Kosa sifuri, ramani kombo

Ramani ya karatasi ya Kigoma ikishaskaniwa na kufunguliwa kwenye kompyuta, si ramani tena. Ni picha: safu za pikseli zinazohesabiwa kuanzia kona ya juu kushoto. Programu haijui kama doa jeusi lililo katikati ni stesheni ya reli, kaburi au kinyesi cha mende. Kazi ya kuijulisha huitwa jioreferensi, na haina muujiza wowote. Unachagua mahali unapopatambua kwenye picha, unaipa programu koordineti zake za ardhini, unahamia mahali pengine ukafanya vivyo hivyo, kisha programu inatafuta kanuni ya kuhamisha kila pikseli kutoka kwenye picha kwenda kwenye uso wa dunia. Mahali hapo ulipopachagua ndipo panapoitwa nukta za udhibiti.

Ukimaliza, programu kama QGIS hukuonyesha namba. Kila nukta inapewa baki yake, yaani umbali kati ya pale ulipobofya na pale ambapo kanuni ingependa nukta hiyo ikae, na chini kabisa unawekewa wastani wa makosa yote. Namba hiyo ndiyo inayowapoteza watu. Ikiwa ndogo wanafurahi na kufunga kazi. Ikiwa kubwa wanaanza kufuta nukta zenye baki kubwa, moja baada ya nyingine, mpaka ishuke. Sijui ni nani aliyeanzisha desturi hii ila imeenea sana, kuanzia kwa wanafunzi hadi kwenye ofisi zinazochora mipango ya miji.

Ukweli ni kwamba namba ile haipimi kama ramani imekaa mahali pake. Inapima kama nukta zako zinakubaliana na kanuni uliyoichagua. Hayo ni mambo mawili, na yanaweza kuachana kwa mamia ya mita bila programu kuona chochote.

Tuanze na hesabu yenyewe, kwa kuwa ni fupi. Kanuni inayotumika zaidi ni polinomia ya daraja la kwanza. Inaweza kuisogeza picha, kuizungusha, kuivuta zaidi upande mmoja kuliko mwingine na kuilaza kidogo. Ili kuyafanya hayo inahitaji kujua namba sita. Kila nukta ya udhibiti inaleta taarifa mbili: mashariki kiasi gani, kaskazini kiasi gani. Kwa hiyo nukta tatu zinaleta taarifa sita kwa namba sita zinazotafutwa, na jibu linapatikana barabara bila kubaki hata chembe. Kosa: sifuri.

Jaribu sasa kufanya makusudi. Bofya njia panda iliyoko Ujiji lakini andika koordineti za njia panda ya Mwanga, mtaa mwingine wa mji huu huu. Ukiwa na nukta tatu tu, kosa litabaki sifuri. Picha itapinda vibaya, Ujiji itavutwa hadi Mwanga, na namba itaendelea kukuambia kwamba kila kitu ni shwari. Programu haikudanganyi. Imeulizwa kama ipo kanuni inayopita kwenye nukta hizi tatu, na kanuni hiyo ipo. Nukta ya nne ndiyo ya kwanza kuwa shahidi, kwa kuwa haihitajiki kuijenga kanuni, hivyo inaweza kuipinga. Ya tano na ya sita zinasaidia kujua ni ipi kati yao inayosema uongo. Ndiyo maana mtu anayeleta kazi ya nukta tatu na kujisifia kosa sifuri hajaleta ushahidi wowote.

Tukubaliane basi kwamba una nukta za kutosha, tuseme kumi. Koordineti zake unazitoa wapi?

Ukiwa na karatasi ya ramani za 1:50,000 za Tanzania, zile za mfululizo wa Y742, umepata bahati, maana zina gridi ya kilomita iliyochapishwa juu yake. Makutano ya mistari ya gridi ni nukta bora kuliko kitu chochote kilichojengwa na binadamu: hayabomolewi, hayahami, na thamani zake zimeandikwa pembeni. Ila zisome kwa makini. Pembeni mwa karatasi inayoonyesha mji wa Kigoma utakuta mstari umeandikwa 7 ndogo ikifuatwa na 91 kubwa. Maana yake ni mita 791,000 mashariki, si 91,000. Kwa upande wa kaskazini, 94 ndogo na 61 kubwa ni 9,461,000. Tarakimu zile ndogo zilichapishwa ndogo kwa sababu msomaji wa karatasi hakuzihitaji kila mara. Programu inazihitaji zote.

Kisha ikuze picha mpaka ule mstari wa gridi, ambao kwa macho ni kama unywele, uwe ukanda wa pikseli mbili tatu, na ubofye katikati ya makutano. Karatasi ya 1:50,000 iliyoskaniwa kwa dpi 300, yaani pikseli 300 kwa kila inchi, ina pikseli zenye upana wa mita 4.2 hivi ardhini. Ukikosea pikseli mbili, umekosea mita nane. Hilo halina shida, kwa sababu mstari wenyewe uliochorwa kwa unene wa milimita 0.2 unafunika mita kumi za ardhi. Kuhangaikia mita moja kwenye ramani ya namna hii ni kupoteza muda.

Hatari kubwa iko kwenye jambo ambalo wengi hulijibu kwa kubonyeza tu "sawa": mfumo wa koordineti. Namba 791,000 na 9,461,000 hazina maana mpaka useme zinatoka katika mfumo gani, na Kigoma ina mitego miwili hapo.

Mtego wa kwanza ni kanda. Mfumo wa UTM unaigawa dunia katika kanda za nyuzi sita za longitudo, na mpaka kati ya kanda ya 35 na ya 36 ni longitudo ya nyuzi 30 Mashariki. Mstari huo unaupasua mkoa wa Kigoma. Kigoma mjini na Ujiji, zikiwa kwenye nyuzi 29 na dakika 37 hivi, ziko kanda ya 35 Kusini. Kasulu, Uvinza na Kibondo ziko kanda ya 36, sawa na Tabora. Mtu aliyezoea kufanya kazi za Tabora akija na mazoea ya kanda ya 36, akaandika namba za Kigoma humo, programu itaupeleka mji mzima kilomita zaidi ya 660 mashariki, ukatue magharibi kidogo mwa Kondoa. Kosa kwenye jedwali? Dogo kabisa. Nukta zote zimehama pamoja, na uhusiano kati yake haujaguswa.

Lakini kosa la Kondoa halimdhuru mtu, kwa kuwa kila anayefungua ramani ataliona papo hapo. Mtego wa pili ni mdogo, na ndio unaoumiza.

Ramani zile zilichorwa kwa datumu ya Arc 1960, inayokalia umbo la dunia lililokadiriwa na Clarke mwaka 1880. GPS, simu yako na picha za setilaiti zinatumia WGS 84. Datumu ni makubaliano ya dunia ina umbo gani na kitovu chake kiko wapi, na makubaliano haya mawili hayalingani. Mahali pale pale pana namba tofauti. Kwa upande wetu huu wa nchi, ukizichukua koordineti za Arc 1960 ukaziingiza kana kwamba ni za WGS 84, ramani yote itasogea takribani mita 300 kuelekea kaskazini na makumi ya mita kuelekea magharibi. Kwenye karatasi ya 1:50,000 hizo ni milimita sita. Ardhini ni mitaa kadhaa.

Angalia sasa baki zako. Nukta kumi, zote kutoka kwenye gridi, zote zimebofywa vizuri, kila moja chini ya pikseli moja. Namba nzuri kuliko zote ulizowahi kuzipata, na ramani iko mita 300 nje ya mahali pake. Ukiiwekea picha ya setilaiti chini yake, utaona stesheni ya kwenye ramani haikai juu ya stesheni ya kweli. Asiyejua atasema wazee waliopima miaka ile hawakuwa makini. Walikuwa makini sana. Ni yeye aliyewabadilishia datumu.

Dawa yake ni nyepesi. Iambie programu ukweli: kwa Kigoma mjini chagua Arc 1960 / UTM kanda ya 35 Kusini, msimbo EPSG:21035, kwa Kasulu au Tabora 21036. Funga ramani humo humo kwenye mfumo wake wa asili, kisha ndipo uihamishie WGS 84, ambayo kwa kanda ya 35 Kusini ni 32735. Programu inazo hesabu za kuvuka kutoka datumu moja hadi nyingine. Inachohitaji ni kuambiwa inavuka kutoka wapi.

Kuna kituko kimoja hapa. Mtu mzembe anayechanganya, nukta tano kutoka kwenye gridi ya karatasi na tano alizobofya kwenye picha ya setilaiti, anaokolewa na uzembe wake. Makundi yale mawili yanagombana kwa mita 300, baki zinapiga kelele, naye analazimika kutafuta sababu. Anayekosea kwa mpangilio mmoja, kwa nidhamu, ndiye ambaye hakuna kitu kitakachomshtua.

Si kila ramani ina gridi. Michoro ya zamani ya mji, ramani za wasafiri na zile za wamisheni mara nyingi hazina, na hapo inabidi utafute vitu vilivyokuwepo siku ile na vipo hadi leo. Kwa mji ulio ziwani, macho hukimbilia ufuoni. Mstari wa maji umechorwa wazi, kuna rasi, kuna ghuba, vinaonekana vilevile kwenye setilaiti. Kwa Ziwa Tanganyika, usifanye hivyo.

Ziwa hili hutoa maji yake upande wa Kongo kupitia mto Lukuga. Msafiri Mwingereza Cameron alipofika huko mwaka 1874, na Stanley mwaka 1876, mlango wa Lukuga ulikuwa umezibwa na matope na matete, na ziwa lilikuwa limejaa. Baadaye maji yalilizibua lile ziba, na katika miaka iliyofuata kina kikashuka karibu mita kumi. Mita kumi kwenda chini kwenye mwamba ulio wima si kitu. Kwenye ufuo wenye mwinamo wa digrii moja, ni mita 570 za nchi kavu mpya. Ujiji ni bapa. Livingstone na Stanley walipokutana pale mwaka 1871 maji yalikuwa jirani. Leo kutoka kwenye mnara wa kumbukumbu yao hadi ziwani ni safari ya kutembea. Halafu katika miaka ya 2020 ziwa likapanda tena, likaingia kwenye nyumba na bandari zilizojengwa wakati wa kina kidogo. Kwa hiyo ramani ya karne ya 19, karatasi ya Y742 na picha ya setilaiti ya juzi zina fuo tatu tofauti, zote sahihi kwa siku yake. Ukifunga ramani kwa ufuo unaifunga kwa kitu kinachotembea. Mlango wa mto Luiche, kusini mwa Ujiji, nao usiuguse: mto unaomwaga mchanga hubadili mdomo wake.

Vinavyofaa ni vile ambavyo watu wamekuwa wavivu kuvihamisha. Jengo la stesheni ya Kigoma limesimama tangu zama za Wajerumani, walioifikisha reli hapa mwaka 1914. Kona ya jengo la mawe ni nukta nzuri. Njia panda za barabara za zamani, makanisa na misikiti ambayo haikujengwa upya, bikoni za wapima ardhi vileleni mwa vilima. Miembe ya njia ya misafara ya Ujiji inavutia, lakini mwembe mkubwa una kivuli cha kutosha watu hamsini, sasa utabofya wapi? Na reli ya zamani, ya geji ya mita, tumia pale inapokatana na barabara au inapopita juu ya daraja. Mahali popote pengine reli ni mstari, na unaweza kuteleza juu yake mita mia mbili usijue. Chunga pia usilichukue tuta jipya la SGR ukadhani ndilo la mwaka 1914.

Mtawanyiko wa nukta una uzito kuliko idadi yake. Barabara ya Kigoma hadi Ujiji ina njia panda nyingi zinazotambulika, hivyo ni rahisi kujikuta na nukta kumi na tano zote zimejipanga juu yake. Ramani iliyofungwa hivyo ni kama turubai la kuanikia dagaa lililowekewa mawe mstari mmoja katikati: pale penye mawe limetulia, kingo zinapepea. Kosa litakuwa dogo, kwa kuwa linapimwa kwenye mawe tu. Afadhali nukta sita, nne karibu na kona na mbili ndani, hata kama ile ya rasi ya Bangwe imekutesa kuipata.

Kuhusu aina ya kanuni, orodha ya QGIS ni ndefu na kila moja ina kishawishi chake. Ushauri wangu ni kwamba usichague kwa kutazama kosa. Chagua kwa kuuliza karatasi imepatwa na nini. Ikiwa ni karatasi nzima iliyoskaniwa kwenye mashine bapa, Helmert inatosha: inasogeza, inazungusha na kukuza sawa pande zote. Ikiwa imekaa kwenye unyevu ikavimba upande mmoja, au ilinakiliwa kwenye mashine ya rola iliyoivuta, tumia polinomia ya daraja la kwanza, ambayo ndiyo chaguo langu la kawaida. Ukiwa umeipiga picha kwa simu mezani, na upande wa mbali umeonekana mfupi kuliko wa karibu, hiyo ni kazi ya projektivu, inayohitaji nukta nne au zaidi. Picha ya angani ya vilima vya Kigoma ni jambo jingine kabisa: kilele kinaegemea nje ya mahali pake kwa sababu ya mwinuko, na hakuna kanuni hata moja ya orodha hii itakayolirekebisha bila data ya mwinuko.

Daraja la pili linahitaji nukta sita, la tatu kumi. Yanakunja picha, na baki hushuka kila unapopanda daraja, jambo linalowapendeza wengi. Lakini nje ya eneo la nukta zako polinomia ya daraja la tatu huruka ovyo; nimeona mstari wa reli ulionyooka ukitoka ukingoni mwa ramani umepinda kama mkia wa chui. Na mwisho wa orodha iko ile ya kunyumbua, inayoitwa Thin Plate Spline. Hii hulazimisha picha ipite kwenye kila nukta kamili, iwe sahihi au si sahihi, kwa hiyo baki zake ni sifuri siku zote. Kwa ramani ya msafiri aliyekadiria umbali kwa saa za kutembea, inafaa, maana hakuna kanuni moja ya kuinyoosha. Kwa ramani iliyopimwa, inaficha makosa yako ndani ya mikunjo.

Kinachobaki ni kujua kama ramani imekaa kweli, na njia ya kujua ni kuweka mashahidi pembeni. Tafuta nukta nne au tano unazozijua vizuri, usiziingize kwenye hesabu kabisa. Ramani ikishatoka, iweke juu ya chanzo unachokiamini, pima kwa rula ya programu umbali kati ya kila shahidi na mahali alipotua, na andika na upande alikoegemea. Upande huo unasema mengi. Mashahidi wote wakiegemea mwelekeo mmoja kwa kiasi kile kile, tafuta datumu. Wakitawanyika huku na huko kwa mita chache, ni mkono wako kwenye kipanya. Kosa likikua kadiri unavyokaribia ukingo fulani, huko huna nukta, au kanuni uliyochagua haifanani na ugonjwa wa karatasi.

Chanzo unachokiamini nacho kina mipaka yake. Simu hukupa mita tatu hadi tano pakiwa wazi. Picha za setilaiti za bure zinaweza kuwa zimesogea mita kadhaa, zaidi kwenye miteremko. Koordineti za bikoni kutoka kwenye ramani ya upimaji ni za sentimita.

Mengine ni madogo. Wakati wa kutoa faili, kwa ramani ya rangi na maandishi chagua njia ya pikseli ya jirani ili rangi zisichanganyike; kwa picha ya angani chagua kyubiki. Hifadhi faili ya nukta, kwa kuwa ukija kugundua kosa la datumu miezi sita baadaye hutaki kubofya upya. Na kwenye maelezo ya faili andika mfumo, aina ya kanuni na umbali wa mashahidi, si ule wastani wa jedwali peke yake.

Umbali huo wa mashahidi ndio unaoamua ramani itumike kwa lipi. Karatasi ya 1:50,000 iliyofungwa vizuri ikiwa na mashahidi wa mita 15 hadi 20 inatosha kuonyesha korongo lilipita wapi kabla halijajazwa, msitu uliishia wapi, kijiji kilikuwa upande gani wa reli. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kinachogombaniwa na majirani kinaingia chote ndani ya kosa hilo, na aliyeichapisha ramani kama hiyo akaipeleka kwenye baraza la ardhi atakuwa amepeleka picha tu; huko kinachotakiwa ni ramani ya upimaji na bikoni zake.